James Grant: mwanajeshi aliyechora Unyamwezi

James Augustus Grant, mzaliwa wa Uskoti mwaka 1827, alikuwa mwanajeshi, si mchoraji wa kazi. Mwaka 1857 alijeruhiwa mkono wa kulia vitani India. Hata hivyo, mwaka 1860 alipoondoka Zanzibar na John Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile, alibeba karatasi na rangi.

Mapema mwaka 1861 walifika Kazeh, ilipo Tabora ya leo. Njiani Grant alichora watu na mimea aliyoiona kwa macho yake. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilichapa picha zilizochorwa upya Ulaya kutokana na michoro hiyo.

Grant alifariki mwaka 1892. Michoro ya mkono wake imehifadhiwa Edinburgh, nayo ni ushahidi wa Unyamwezi enzi za misafara ya pembe na watumwa.