Isaya Mukirania: Mwalimu wa Rwenzori aliyedai nafasi shuleni, akaishia kuwa mfalme

Mwaka 1955 Mkenya Mwai Kibaki alihitimu masomo ya uchumi katika Chuo cha Makerere, Kampala, kwa daraja la kwanza. Wakati huohuo, magharibi mwa Uganda, mtoto wa Kikonzo aliyezaliwa kwenye vilima vya Bwera, mpakani na Kongo, hakuwa na matumaini makubwa hata ya kufika sekondari. Isaya Mukirania, mwalimu wa shule, aliifanya tofauti hiyo kuwa hoja ya maisha yake.

Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Tooro, wenye makao yake Fort Portal. Walilipa kodi, lakini vyeo na ufadhili wa masomo viliwafikia kwa nadra. Darasani lugha ilikuwa Kitooro, hivyo mtoto alilazimika kujifunza kwanza lugha ya jirani kabla ya kujifunza hesabu. Wapo waliojitambulisha kuwa Watooro ili wapate nafasi. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe. Watu wa mlimani waliuona utajiri huo ukipita bila kuonja matunda yake.

Mukirania alianza kwa kalamu. Mwaka 1954 aliizunguka milima pamoja na mwandishi wa Uingereza, Tom Stacey, kisha akaongoza chama kilichokusanya historia ya Wakonzo. Kadiri kumbukumbu hizo zilivyokusanywa ndivyo madai ya haki yalivyokua.

Mwaka 1962, wakati katiba ya Tooro ikijadiliwa, yeye pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya walidai Wakonzo na Waamba watambuliwe kuwa sawa na Watooro. Walipokataliwa, walitoka katika baraza la ufalme huo, na baadaye wakakamatwa. Ombi la kupewa wilaya yao nalo halikukubaliwa. Ndipo Rwenzururu ikatangazwa kuwa nchi huru, na mwaka 1963 Mukirania akawa mfalme wake wa kwanza, kwa jina la Kibanzanga. Milimani kulikuwa na mawaziri, kodi na shule. Serikali ya Obote ilimtuma Stacey kumshawishi rafiki yake ashuke, lakini hakushuka.

Gharama ilikuwa kubwa. Watu wa pande zote waliuawa, nyumba zikachomwa, na watoto aliowapigania wakakulia vitani. Mukirania alifariki Septemba 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti angali kijana mdogo.

Kasese ikawa wilaya mwaka 1974, na mwaka 1982 Mumbere akakubali wapiganaji wake waweke silaha chini. Serikali kisha ilimpa kile ambacho baba yake aliwadaia watoto wa mlimani: ufadhili wa masomo. Mwaka 1984 alikwenda Marekani kusomea biashara, lakini utawala ulipobadilika Kampala fedha zilikatika, naye akaishi kwa miaka mingi akihudumia wazee na wagonjwa. Alirejea mwaka 2009, Uganda ilipoutambua rasmi ufalme wa Rwenzururu, miaka 43 baada ya kifo cha mwalimu aliyeuanzisha.