Bela Lugosi: Sura Iliyommeza Mwenyewe

Mumiani wa simulizi za pwani yetu hutisha tu, hakuna amtamaniye. Mnyonya damu wa katuni za watu wazima zinazoundwa kwa kompyuta, mathalani Dracula wa Castlevania iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2017, hutisha na kuvutia kwa pamoja. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula anajitokeza kwanza akiwa mzee mwenye masharubu na pumzi inayonuka. Utanashati wake una deni kubwa kwa mwigizaji Bela Lugosi.

Lugosi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Béla Blaskó, alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1882 katika mji wa Lugos, uliokuwa Hungaria wakati huo na ambao sasa umo Romania. Jina la usanii alilitwaa kutokana na mji huo. Aliigiza Budapest, akapigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1919 alishiriki kuunda chama cha waigizaji. Serikali ya kimapinduzi ilipoanguka mwaka huo, alilazimika kukimbia. Aliwasili Marekani mwishoni mwa mwaka 1920 bila kukimudu Kiingereza, hata akawa anakariri maneno ya tamthilia kwa kufuata sauti tu.

Mwaka 1927 aliigiza Dracula jukwaani New York, na mwaka 1931 katika filamu ya kampuni ya Universal. Hakuvaa meno marefu. Alitegemea macho, joho, ishara za mikono na lafudhi yake nzito. Kilichohesabiwa kuwa upungufu wa lugha kikageuka mtindo.

Hata hivyo, mhusika huyo alimfunga. Aghalabu alipewa nafasi za kutisha tu, na malipo yakazidi kudidimia. Dawa za kutuliza maumivu zilimtia katika uraibu, na mwaka 1955 aliomba mwenyewe kutibiwa. Alifariki tarehe 16 Agosti 1956, akazikwa akiwa amevishwa joho la Dracula.

Warithi wake waliishtaki Universal kwa kuuza sura yake. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba haki hiyo ilikuwa yake binafsi, wala haikurithiwa. Jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwalinda warithi mwaka 1984. Ni bayana, basi, kwamba mhakiki wa katuni hizi hana budi kuuliza si tu mhusika anavutia vipi, bali pia mvuto huo ulitoka kwa nani na ni nani aliyefaidika nao.