Mwalimu wa Biolojia Aliyekwenda Edinburgh



Mhariri wa gazeti letu la muhula ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, nami nimemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua wengi mtasema kwamba habari zake mmezijua tangu shule ya msingi. Ni kweli, lakini zile mnazozijua ni za TANU, za Uhuru na za Azimio la Arusha. Mimi nataka kusimulia jambo moja, ambalo naona linawahusu vijana wetu wakati huu wa kuchagua masomo ya mbele, na wazazi wanaowalipia: jinsi kijana aliyesomea elimu ya viumbe alivyofika kwenye mlango wa Chuo Kikuu, akachagua masomo mengine kabisa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mwana wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki na mama Mugaya. Shule alianza mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, umri ambao watoto wetu sasa wanakaribia kumaliza shule ya msingi. Hata mwaka 1937 akaletwa huku kwetu Tabora, katika shule ya Serikali iliyokuwa imefunguliwa hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Tabora ya siku zile ilikuwa mji wa reli, lakini ilikuwa bado na miembe ya wakati wa misafara, kando ya njia ile ile ya Ujiji ambayo Mtemi Mirambo, aliyetawala nchi hii yetu ya Ulyankulu, aliwahi kuifunga kwa vita.

Mwezi wa Januari 1943 akaingia Makerere, Uganda, kwa msaada wa fedha za masomo, kusomea ualimu. Huko alisoma kemia, biolojia, Kilatini na Kiyunani. Hayo ndiyo yaliyokuwa masomo ya darasani. Nje ya darasa alisoma vitabu ambavyo hakuna mwalimu aliyemtaka avisome, hasa vya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Akaandika insha juu ya hali ya wanawake, akiyatazama maisha ya Wazanaki kwa fikira za Mill, na insha hiyo ikapata tuzo. Alikuwa pia mtu wa midahalo. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua kijana anaelekea wapi asitazame ripoti yake tu, atazame na kile anachosoma taa za bweni zikikaribia kuzimwa.

Alipomaliza Makerere alipata nafasi mbili za kazi hapa Tabora, moja katika shule ya Serikali aliyosoma, na nyingine katika shule ya misheni ya St Mary's. Akachagua St Mary's, akafundisha biolojia na Kiingereza tangu mwaka 1946 hadi 1949. Nami ni mwalimu wa biolojia, basi huwa najisikia fahari nikikumbuka kwamba Baba wa Taifa aliwahi kusimama mbele ya ubao akieleza moyo wa chura au majani yanavyotengeneza chakula. Lakini saa za kazi zilipokwisha hakukaa na vyura. Aliwafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo, akawa katika shughuli za chama cha African Association, na akazungumza na watu habari za siasa.

Mwenyewe aliona kwamba elimu yake haijamtosha. Akafanya mtihani wa Chuo Kikuu cha London wa kuwapima wanaotaka kuingia chuo kikuu, huku akiendelea kufundisha. Akaomba fedha za masomo za Serikali ya kikoloni, akakosa. Akaomba mara ya pili, akapata. Na hapo ndipo mashaka yalipomwingia, kwa maana baba yake alikuwa amefariki mwaka 1942, na mshahara wake wa ualimu ndio uliomsaidia mama yake na ndugu zake. Akienda Ulaya miaka mitatu, nani atawatunza? Wazazi watakaosoma hapa wanalijua swali hili. Wengi wa wazee wetu walifika Ulyankulu kutoka Burundi kuanzia mwaka 1972, wakati Serikali ya Mwalimu huyu huyu ilipowapokea, nao wamesomesha watoto wakihesabu kila gunia.

Basi akaenda. Mwezi wa Aprili 1949 alipanda ndege Dar es Salaam hadi Southampton, kisha akasafiri kwa treni mpaka Edinburgh, Uskoti. Mwaka ule, wanafunzi weusi kutoka nchi za Afrika ya Mashariki waliokuwa wakisoma Uskoti walikuwa wawili tu.

Sasa tazameni alivyoanza. Kwanza alisoma kozi fupi ya kemia na fizikia, kama mtu anayeendelea na njia yake ya zamani. Papo hapo akafanya mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu vya Uskoti, akafaulu. Na ilipofika Oktoba 1949, akakubaliwa, si katika sayansi, bali katika Kitivo cha Sanaa, kusomea shahada ambayo Waskoti huiita M.A. ingawa kwao ni shahada ya kwanza. Mtu aliyefundisha biolojia kwa miaka mitatu aliketi tena chini kama mwanafunzi mpya, katika masomo ambayo wenzake wengi walikuwa na msingi wake tangu sekondari.

Shahada hiyo ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heshima, nayo ilichukua miaka minne na kumtaka mwanafunzi azame katika somo moja. Ya pili ilikuwa ya kawaida, ya miaka mitatu, nayo ilimruhusu kuchukua kozi katika idara mbalimbali. Nyerere alisoma ile ya kawaida. Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya jamii na mila za watu. Mwaka wa pili akasoma historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwalimu wake wa historia alikuwa Profesa Richard Pares. Mwaka wa tatu akasoma sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Alama zake hazikuwa za kutisha, lakini alifaulu kozi zote, akapata shahada yake mwezi wa Julai 1952.

Ukizisoma kozi hizo kwa haraka utadhani ni mkusanyiko wa mtu asiyejua anachotaka. Mimi nazisoma hivi: ni masomo ya mtu anayetaka kujua nchi inatawaliwa vipi, mali yake inakwenda wapi, na huyo anayeitawala anafikiri namna gani. Fasihi ya Kiingereza tu ndiyo naiona kama zawadi aliyojipa mwenyewe.

Msinielewe kwamba nawavuta vijana waiache sayansi. Ningekuwa nakata tawi nililokalia. Mwanafunzi mmoja wa fizikia, kemia na hisabati ameniuliza kama mtu wa masomo yake anaweza kwenda kusoma fizikia ya viumbe, yaani kuutazama uhai kwa vipimo vya fizikia. Jibu lake lilikuwa likitendeka Uingereza wakati ule ule Nyerere alipokuwa Edinburgh. Bibi mmoja wa London, Rosalind Franklin, alikuwa amesomea kemia Cambridge na kupata udaktari wake kwa kuchunguza makaa ya mawe. Akaenda Paris kujifunza kupiga picha za mionzi ya eksirei, na mwaka 1951 akaingia King's College, London, akaigeuzia mionzi hiyo kwenye DNA, iliyo ndani ya chembe hai. Mwezi wa Mei 1952 ikapatikana picha iliyosaidia sana kufahamu umbo lake. Yeye alitoka kwenye makaa akaingia kwenye uhai. Mwalimu alitoka kwenye uhai akaingia kwenye katiba. Bibi yule alichukua chombo chake kutoka somo la kwanza akaenda nacho kwenye la pili, na hilo ndilo nililomwambia mwanafunzi wangu alitazame: ni chombo gani atakachokwenda nacho, na ni kipi atalazimika kujifunza upya.

Nyerere alirudi nyumbani Oktoba 1952. Januari 1953 alimwoa Bibi Maria Gabriel, akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, na safari hii alifundisha historia. Mwaka 1954 TANU ikaanzishwa naye akiwa Rais wake. Mwezi wa Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akitetea kwamba Tanganyika ni nchi ya udhamini itakayotawaliwa na wenyeji wake. Nadhani kozi ile ya sheria ya katiba haikukaa bure siku ile. Mwaka huo huo akaacha kazi ya ualimu, na mshahara wake. Nayo fasihi ya Kiingereza ilizaa tafsiri zake mbili za tamthilia za Shakespeare.

Mwaka 1949 hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja Tanganyika. Kile cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, kwanza kwa somo la sheria tu. Sayansi ilifuata mwaka 1965. Kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Mkuu wake wa kwanza alikuwa huyu aliyeifundisha Tabora biolojia.

Aliacha urais mwaka 1985 akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao.