Kuvunjika kwa Shingo Si Mwisho wa Gitaa

Wahenga walitufunza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hukaririwa madarasani mwetu kila uchao, lakini ni nadra kumsikia mwanafunzi akitoa mfano wa mtu aliyeigeuza kuwa kanuni ya kiwanda. Mtu huyo alikuwepo. Alikuwa fundi wa redio wa Marekani, jina lake Leo Fender. Wakazi wa Kitui na Makueni waliolelewa na muziki wa Kikamba wa magitaa ya umeme, ule ulioenezwa na marehemu Kakai Kilonzo na bendi yake ya Les Kilimambogo, wana deni kwake hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Gitaa la besi la umeme, linaloongoza miguu ya wachezaji katika muziki huo, lilienea duniani kutokana na kazi yake.

Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 huko California, wazazi wake wakiwa wakulima wa machungwa. Alipokuwa na umri wa miaka minane, alipoteza jicho moja kwa maradhi. Chuoni hakusomea uhandisi wala muziki, bali uhasibu. Uchumi wa dunia ulipoporomoka katika miaka ya 1930, kazi ya uhasibu ilimponyoka. Mwaka wa 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Wanamuziki wakaanza kumletea vipaza sauti na magitaa yao yaliyoharibika. Jambo la ajabu ni kwamba Fender hakuwahi kujifunza kupiga gitaa hata siku moja. Alichokuwa nacho ni sikio la kuwasikiliza wapigaji na subira ya kuchunguza ni kitu gani huvunjika, na kwa nini.

Uchunguzi huo ndio uliomfikisha kwenye suala la shingo. Kwa karne nyingi mafundi wa magitaa waliiunganisha shingo na kiwiliwili kwa gundi. Kazi hiyo ni nzuri na ya kistadi, lakini shingo ikipinda au vyuma vyake vikilika, fundi hulazimika kuibandua gundi kwa mvuke na kisu, na aghalabu gitaa hubaki na kovu. Fender alichagua njia nyingine. Alichonga kishimo katika kiwiliwili, akakiingiza humo kitako cha shingo, kisha akavifunga pamoja kwa skrubu nne zilizopitia katika bamba la chuma mgongoni mwa gitaa. Hakuwa wa kwanza kufunga shingo bila gundi, kwani kampuni ya Rickenbacker ilikuwa imefanya hivyo katika miaka ya 1930. Fender ndiye aliyeufanya mtindo huo kuwa wa kawaida. Gitaa lake la mwaka wa 1950 lilipata jina la Telecaster mwaka uliofuata, na mwaka huohuo wa 1951 likafuata gitaa la besi la Precision. Stratocaster ilitoka mwaka wa 1954.

Yafaa ikumbukwe kwamba hakufaulu mara moja. Baadhi ya magitaa yake ya kwanza ya mwaka wa 1950 yalitoka bila ufito wa chuma ndani ya shingo, na shingo zikapinda kwa mvuto wa nyuzi. Aliyasikia malalamiko, akautia ufito huo. Falsafa yake ilikuwa wazi: kila kitu kitachakaa siku moja, kwa hiyo kitengenezwe kwa namna ambayo fundi wa kawaida ataweza kukifungua.

Hata hivyo, asidhani mtu kuwa kila shingo ni ya kila gitaa. Sisi walimu wa lugha tunalijua jambo hili vyema. Katika Kiswahili, kiambishi cha umoja cha ngeli ya watu ni m- katika neno mtoto, lakini huwa mw- katika neno mwalimu, kwa sababu shina la pili huanza kwa irabu. Kiungo kina sheria zake. Vivyo hivyo, kishimo cha Fender kina upana wa takriban milimita 56, na kitako kinachozidi hapo hakiingii, ilhali kinachopungua huyumbayumba. Kitako cha Telecaster kina pembe za mraba na cha Stratocaster kimeviringwa, kwa hiyo cha kwanza hakikai sawasawa katika kishimo cha pili. Kubwa zaidi ni urefu wa uzi unaotetema. Fender alitumia milimita 648, na vyuma vya shingo vimepangwa kwa hesabu ya urefu huo. Ukifunga shingo iliyokusudiwa urefu mwingine bila kulihamisha daraja la nyuzi, gitaa litaonekana zima lakini halitaimba sawa abadani.

Mwaka wa 1965 Fender, akisumbuliwa na maradhi, aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Katika miaka ya 1970 wamiliki wapya walipunguza skrubu za Stratocaster kutoka nne hadi tatu. Wapigaji wengi wakalalamika kwamba shingo zinahama, na lawama zikaangukia ile skrubu iliyoondolewa. Lakini kosa kubwa lilikuwa vishimo vilivyochongwa kwa ulegevu. Kiungo kikichongwa barabara, mbao zenyewe hushikana, na skrubu huja kukaza tu. Fender mwenyewe alirudi kazini, akashiriki katika kampuni ya Music Man na baadaye G&L, na aliendelea kubuni magitaa hadi alipofariki tarehe 21 Machi 1991.

Je, maisha haya yana funzo gani kwa mwalimu wa Mwingi au mwanafunzi wa Wote? Kwanza, nchi yetu ya Ukambani ni ya jua kali na misimu inayopishana ghafla. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na shingo ya gitaa haisalimiki. Gitaa la skrubu likipinda shingo halistahili kutupwa stoo. Bisibisi, rula yenye milimita na uangalifu vyatosha kuanza kazi. Pili, Wakamba ni watu waliosifika kote duniani kwa uchongaji wa mbao. Mkono unaoweza kuchonga twiga asimame kwa miguu minne bila kutikisika unaweza pia kuchonga kitako cha shingo kikae kishimoni bila mwanya. Kinachohitajika ni kuongeza kipimo juu ya kipaji.

Hapa ndipo penye lawama yangu kwa mfumo wetu wa elimu. Tumewazoesha vijana kuamini kwamba muziki ni wa chumba kimoja, useremala ni wa kingine na hesabu ni ya tatu, na kwamba anayeshika bisibisi ameshindwa na kalamu. Matokeo yake ni kwamba chombo kikivunjika twanunua kingine, na fedha zikikosekana twanyamaza. Leo Fender alikuwa mhasibu asiyejua kupiga gitaa, mwenye jicho moja na duka la mkopo, na bado aliubadilisha muziki wa dunia kwa kupima, kusikiliza na kurekebisha. Walimu wa muziki, wa useremala na wa fizikia wakutane mbele ya gitaa moja bovu, walifungue pamoja na wanafunzi wao, wapime kishimo na kitako, kisha walirudishe likiimba. Somo hilo halitasahaulika upesi.