Anna Pavlova, mutoto wa mama mufuaji, na ile tamu-tamu yenye kubeba jina lake

Kwenye harusi moja hapa Mambasa centre, kisha wali na nyama ya mbuzi kuisha, wapishi walileta sahani ndogo-ndogo. Ndani ya kila sahani kulikuwa kitu cheupe chenye umbo la kiota, kikavu inje na laini ndani, na juu yake vipande vya nanasi na papai na maji ya marakuja. Ukivunja na kijiko inalia kidogo, kisha inayeyuka mu kinywa. Watoto walirudilia. Wakubwa wakauliza jina. Dada mwenye kupika, ile kazi alijifunza Bunia, akajibu kwamba inaitwa pavlova. Hapo meza yetu yote ikaanza kutafuta maana: mumoja akasema ni kampuni ya sukari, mwingine akasema ni muji wa Wazungu.

Si kampuni, si muji. Pavlova alikuwa mwanamuke. Alikufa zaidi ya miaka 90 iliyopita, hakukanyaga Ituri hata siku moja, na pengine ile tamu-tamu hakuionja hata kijiko kimoja. Watu wanakula jina lake bila kumujua yeye, njo maana leo tunaeleza maisha yake.

Anna Pavlova alizaliwa tarehe 12 Februari 1881, kufwatana na kalenda ya leo, mu muji wa Saint-Pétersbourg, wenye ulikuwa makao ya mufalme wa Urusi. Mama yake, Lyubov Feodorovna, kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu. Juu ya baba, makaratasi yanaonyesha askari mumoja mwenye jina Pavlov, lakini mpaka leo wenye kuandika historia wanabishana kama huyo njo alikuwa baba wa kweli. Jambo lenye halina ubishi ni kwamba mutoto alikomea mikononi mwa mama, bila baba. Alizaliwa mbele ya miezi kutimia, akawa muzaifu, mara kwa mara mugonjwa, na kwa muda murefu tate yake njo alimulea mu kijiji cha Ligovo, inje ya muji.

Sisi wa hapa hatuhitaji maelezo mengi juu ya mama wa namna ile. Kila mutaa uko naye: anaamuka mapema, anafua mashuka ya wengine, mikono inapasuka na sabuni, na mwisho wa mwezi anahesabu kama minervali itatosha.

Alipokuwa na miaka 8 ao 9, mama alimupeleka kuangalia bale mu tiatri kubwa ya Mariinsky. Bale ni ile dansi ya Wazungu yenye wachezaji wanasimama juu ya ncha ya vidole, na muziki unaeleza hadisi bila mutu kusema neno. Siku ile walicheza hadisi ya binti wa mufalme mwenye kulala miaka 100. Mutoto akatoka pale amekwisha kuamua kazi yake ya maisha. Masomo ya bale yalikuwa ya serkali. Mara ya kwanza walimukatala, alikuwa bado mudogo na alionekana muzaifu. Mwaka wa 1891, akiwa na miaka 10, wakamupokea.

Kule ndani mambo hayakuwa rahisi. Ile wakati walipenda wachezaji wafupi, wenye misuli, wenye nguvu ya kuruka na kuzunguka kama gurudumu. Yeye alikuwa mwembamba, mikono mirefu, miguu mirefu, unyayo umepinda sana katikati. Wenzake walimupa jina la ufagio. Kwanza alijaribu kuiga wale wenye nguvu, akajiumiza bule. Walimu wakamufundisha kitu kingine: atumikie ule uzaifu wake. Kama mwili ni mwepesi, basi uonekane mwepesi kuliko yote, kama manyoya ya ndege kwenye upepo. Alimaliza masomo mwaka wa 1899, akaingia mu kundi la tiatri ileile ya Mariinsky, na mwaka wa 1906 akafika kwenye cheo cha juu kabisa cha mwanamuke mucheza bale.

Kuna jambo la viatu lenye mimi napenda sana. Kwa sababu unyayo wake ulipinda, uzito wote uliangukia kwenye kidole gumba, na maumivu yalikuwa makali. Akatafuta ngozi ngumu, akaiweka chini ya unyayo ndani ya kiatu, akafanya ncha ya kiatu iwe pana kidogo ili aweze kusimama. Wengine wakanungunika, wakasema ni kudanganya. Leo viatu vya bale vinatengenezwa kwa kufwata mawazo kama ile. Mutoto wa mufuaji alitengeneza kifaa chake mwenyewe, kama vile fundi wa kinga hapa anaongeza chuma kwenye baiskeli ili ibebe ndizi.

Dansi yenye ilimujulisha kwa dunia ni fupi, dakika chache tu. Mutungaji Michel Fokine aliitengeneza kwa ajili yake, juu ya muziki wa Mufaransa Camille Saint-Saëns: bata-maji mweupe, yule wa shingo ndefu, anakufa. Hakuna kuruka kwa ajabu. Mikono inatetemeka, mwili unashuka pole-pole, mwisho analala chini na hatikisiki tena. Inahesabiwa kwamba aliicheza karibu mara 4,000.

Mwaka wa 1909 alicheza Paris, 1910 New York, na mwaka wa 1912 alinunua nyumba London, yenye kiziwa ndani ya kiwanja, akafuga humo bata-maji wa kweli. Alikuwa na kundi lake mwenyewe. Musimamizi wa mambo yake alikuwa Victor Dandré, mwenye kuhesabiwa kuwa bwana wake. Kama walifunga ndoa kweli, hapo tena kuna ubishi, tupite. Vita kubwa ya 1914 ilipoanza, njia ya kurudia ikafungika, kisha yakaja mapinduzi ya 1917. Inchi yake hakuiona tena.

Kuanzia pale maisha yake yakawa safari. Wachezaji wengine wakubwa walibakia mu miji mikubwa, mbele ya watu wenye feza. Pavlova alipanda gari-moshi na meli akapeleka dansi kule watu hawajaiona kamwe: Amerika ya Kusini, Mexico, Japani, India, Misri, Afrika ya Kusini. Alicheza hata kwenye majukwaa mabaya ya mbao, mu miji yenye haikuwa na tiatri ya maana. Mwaka wa 1917, kule Lima, inchi ya Peru, mutoto mwanaume wa Waingereza alimuona akicheza. Yule mutoto, Frederick Ashton, baadaye akawa mutungaji mukubwa wa bale ya Uingereza. India nayo ilimugusa, na mwaka wa 1923 London alicheza pamoja na kijana Muhindi, Uday Shankar, mambo ya Krishna na Radha. Shankar akarudia kwao akawa mumoja wa wale walioinua tena dansi ya Wahindi, wakati wengi kule waliidharau.

Mwaka wa 1926 akafika Australia na New Zealand. Ili tujue wakati tunaongea: ni mwaka uleule Wabeleji walianzisha kampuni ya zahabu ya Kilo-Moto, hapa Ituri.

Sasa, feza ya zile safari ilienda wapi? Sehemu moja ilikula na kundi lake, maana alilipa wachezaji wengi, nguo, meli na hoteli. Sehemu ingine ilienda Saint-Cloud, karibu na Paris. Kisha mapinduzi, Warusi wengi sana walikimbia inchi yao, na kati yao kulikuwa watoto bila baba wala mama. Pavlova alifungua pale nyumba ya mayatima kwa watoto wa kike wa Kirusi, akaitunza na feza ya kucheza. Kila usiku bata-maji alipokufa jukwaani, kuna mutoto Saint-Cloud aliyepata mukate. Hapa kwetu tangu miaka tunaona watoto wanafika Mambasa na Komanda kwa miguu kutoka vijiji vyenye kushambuliwa, wengine wameshika mukono wa jirani tu kwa sababu wazazi hawako. Wasanii wetu wanajua kuimba kwenye harusi na kwenye kampanye. Nyumba ya mayatima yenye kutunzwa na nyimbo, mimi bado sijaiona.

Mwezi wa Januari 1931, wakati wa baridi kali ya Ulaya, alisafiri na gari-moshi kutoka kusini ya Ufaransa kuelekea Uholanzi, kwenda kuanza safari ingine ya kucheza. Alifika muji wa The Hague akiwa mugonjwa wa mapafu. Wamoja wanasimulia kwamba waganga walitaka kumupasua na yeye akakatala sababu hangeweza kucheza tena; hadisi ile inapendeza, lakini tuichukue kama hadisi. Alikufa tarehe 23 Januari 1931, ndani ya hoteli, wiki tatu mbele ya kutimiza miaka 50. Inasimuliwa pia kwamba onyesho lililofwata halikuvunjwa: muziki wa bata-maji ulipigwa, taa ikazunguka juu ya jukwaa tupu, mahali angesimama. Majivu ya mwili wake yanalala London, Golders Green. Warusi waliyaomba yarudie kwao, lakini hayakuondoka.

Tumefika kwenye sahani. Kisha ile safari ya 1926, wapishi wa Australia na New Zealand walianza kubatiza vyakula vitamu na jina lake, kama vile sisi tunabatiza kitenge kipya na jina la muimbaji. Kwanza, mu 1927, jina lilipewa jeli ya rangi-rangi yenye haina undugu na hii ya leo. Mwisho wa miaka ya 1920, kule Dunedin, New Zealand, Rose Rutherford alifanya pavlova ndogo-ndogo, kila mutu na yake, za nyeupe ya mayai na sukari, na ladha ya kahawa na karanga za kizungu. Zile ndogo zinafanana na za harusi yetu, ila hazikuwa na matunda juu. Waaustralia nao wanamutaja Herbert Sachse, mupishi wa hoteli Esplanade mu muji wa Perth, mwenye alitengeneza ile kubwa mwaka wa 1935, wakati Pavlova alikuwa amekwisha kulala miaka ine. Inchi hizi mbili zinagombania ile keki mpaka leo, kama vile ndugu wanagombania shamba la marehemu. Helen Leach, mwalimu wa université ya Otago kule New Zealand, alikusanya mapishi ya zamani akaandika kitabu kizima juu ya ule ubishi. Kitabu kizima! Juu ya mayai na sukari!

Lakini jina halikuangukia vibaya. Ile keki karibu yote ni hewa. Nyeupe ya mayai mane na sukari karibu gramu 200, basi. Mashariti ni machache lakini ni makali, kama mu bale. Bakuli isiwe na alama ya mafuta, na kiini kisianguke ndani hata tone moja, la sivyo nyeupe haitasimama. Piga mpaka ifanye povu nzito, kisha ongeza sukari kijiko kwa kijiko, usiharakishe. Kama sukari yetu ni ya mbegu kubwa, twanga kwanza mu kinu. Tia kijiko kidogo cha vinegre ao maji ya ndimu. Ukigeuza bakuli kichwa chini, isianguke. Gawanya viota 8 juu ya karatasi yenye mafuta kidogo sana, shindilia katikati na mugongo wa kijiko.

Moto njo unashinda wengi. Haichomwi, inakaushwa. Wenye furu ya udongo ya mikate, ngoja mikate itoke na makala ishuke. Karatasi nyeupe ukiiweka ndani isigeuke rangi. Saa moja inatosha, kisha iache humo ipoe pamoja na furu, bila kufungua-fungua. Viini usitupe: pika na maziwa na sukari kidogo juu ya moto mudogo mpaka iwe nzito, inachukua nafasi ya krema yenye hapa ni shida kupata.

Adui mukubwa wa Mambasa ni hewa ya pori. Siku ya mvua sukari inavuta maji, na kile kilikuwa kikavu asubui, saa kumi kinanata kama gundi. Dada wa harusi aliniambia alifunga zake ndani ya bidoni kubwa yenye kufungika vizuri tangu usiku. Nanasi na papai alikata saa ileile, akaacha maji yachuruzike kwanza, na marakuja akamwanga mwisho kabisa, wakati watu wamekwisha kukaa na kijiko mukononi.