Ringer: Daktari aliyejisahihisha hadharani

Ushawahi kulazwa hospitalini ukawekewa maji? Basi huenda jina la huyu mzee lilikuwa likining'inia juu ya kichwa chako. Ule mfuko wa Ringer's lactate, wengi hudhani Ringer ni kampuni. Zii, ni mtu.

Sydney Ringer alizaliwa Norwich, Uingereza, miaka ya 1830. Mwaka 1854 alianza masomo ya udaktari University College, London, na maisha yake yote ya kazi akayamalizia katika hospitali ya chuo hicho. Alitibu wagonjwa, akafundisha, na kitabu chake cha dawa cha 1869 kikasomwa sana. Lakini kila akipata upenyo, huyoo, maabara.

Kule alikuwa akitoa moyo wa chura na kuupitishia maji ya chumvi aone utadunda hadi lini. Mwaka 1882 alichapisha majibu: moyo ulidunda muda mrefu, kana kwamba chura bado yuko dimbwini.

Kumbe kulikuwa na kasoro. Maji yalipotayarishwa upya kwa maji safi yasiyo na madini yoyote, moyo ulilegea na kusimama kwa kama dakika 20 hivi. Ringer alichimba akagundua kwamba mwanzoni msaidizi wake alikuwa ametumia maji ya mfereji, na maji ya mfereji wa London yalikuwa na kalsiamu. Bila kalsiamu, moyo haudundi.

Hebu fikiria. Tayari ni daktari mkubwa, ripoti ishatoka, na hakuna aliyemshtukia. Angenyamaza tu. Badala yake, mwaka 1883 aliandika ripoti nyingine kueleza peupe kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa. Kosa hilo ndilo lililompa ugunduzi wake mkubwa.

Alifariki 1910 bila kujua kalsiamu hupitia wapi. Leo tunajua seli za misuli na ubongo zina vilango vya protini. Kalsiamu ikiingia, msuli hukaza, na seli ya ubongo hutuma ujumbe kwa jirani yake. Ili kuviona vilango hivyo, wanasayansi hutumia kingamwili za maabara, ambazo hung'ang'ania protini moja na kuwaka chini ya hadubini.

Lakini hata kingamwili hudanganya. Inaweza kushika protini isiyo yake. Ndiyo maana maabara makini huijaribu kwanza kwenye seli ambazo hazina protini hiyo kabisa. Ikiwaka hapo pia, haiaminiki. Ni mchezo uleule wa Ringer: kiondoe kitu kimoja, uone kama jibu lako bado linasimama.

Ile lactate iliongezwa miaka ya 1930 na daktari Mmarekani, Alexis Hartmann.

Mimi niliacha chuo, na kwa muda mrefu nilidanganya watu kwamba niko likizo. Nikisoma habari za huyu mzee, naona aibu kidogo. Yeye aliandika kosa lake likachapishwa, na mpaka leo linaokoa watu wodini.