Mary Leakey: Alifukuzwa shule, akajifunza kusoma mifupa

Ukifika Sindo, kaunti ya Homa Bay, usikodolee macho ziwa peke yake. Geuka utazame milima ya Gwassi. Ile ni mabaki ya Kisingiri, volkano iliyozimika zamani mno. Jivu lake lilitua mpaka Rusinga, kule kaskazini, likafukia wanyama na miti. Mmoja wa waliotufundisha kusoma kilichofukiwa ni mwanamke ambaye hakuwa hata na cheti cha shule.

Mary alizaliwa London mwaka 1913. Baba yake, mchoraji, alifariki binti akiwa na miaka 13 tu. Mama akampeleka shule za watawa, zikamfukuza. Digrii hakusomea. Alikuwa na vitu viwili: mkono wa kuchora na jicho lisilopitwa na kitu. Kuchora zana za mawe ndiko kulikomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete. Walioana 1936.

Sasa twende Rusinga, Oktoba 2, 1948. Louis yuko bize na mabaki ya mamba. Mary hana haja na mamba, kwa hiyo anazunguka kivyake mteremkoni. Anaona vipande vya mfupa, halafu jino. Vipande vinakusanywa, anaviunganisha kimoja kimoja kwa subira mpaka uso unatokea. Ni fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Mary mwenyewe alilipeleka Uingereza kwa ndege.

Utauliza, sokwe alitafuta nini kisiwani? Kwani wakati huo kulikuwa na kisiwa? Ziwa hili halikuwepo. Palikuwa na msitu mnene, na mwili wa kiumbe huyo uliufaa: vidole vya kushika tawi, mikono na miguu ya urefu uliokaribiana, ya kutembelea juu ya matawi kwa minne. Mkia hakuwa nao. Tangu 2015 wataalamu wanamwita Ekembo, jina lililotoka katika Kisuba, lugha ya wenyeji wa huko.

Usidhani mnyama huamka asubuhi akaamua kubadilika. Wanaozaliwa na maumbile yanayofaa mahali pao huishi na kuzaa zaidi, wengine hupungua. Hivyo ndivyo kamongo wa ziwa lako alivyopata mapafu: maji ya kinamasi yakiishiwa oksijeni, yeye huja juu kuvuta hewa. Lakini kazi hiyo huchukua vizazi na vizazi.

Louis alifariki 1972. Mary hakufunga virago. Mwaka 1978, akiwa na miaka 65, kikosi chake kilifukua nyayo huko Laetoli, Tanzania. Nazo zilihifadhiwa na jivu la volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Hapa mahali ni pengine kabisa: nyika yenye nyasi na miti ya hapa na pale. Na mguu pia ni mwingine. Kisigino kinatua kwanza, kidole gumba kimenyooka sambamba na wenzake. Huo si mguu wa kushika matawi, ni wa kutembea chini kwa miwili, kama wako.

Vyuo vikuu, Oxford kikiwemo, vilimtunuku digrii za heshima yule msichana aliyefukuzwa shule. Alifariki Nairobi, Desemba 1996.

Alichotuachia ni zaidi ya mifupa. Msitu wa Rusinga uliisha, na Ekembo hayupo tena. Mwili hufuata mazingira, ila hufuata polepole. Sisi tukikata msitu au kuchafua ziwa, tunabadilisha makazi ndani ya miaka michache tu. Kiumbe aliyehitaji vizazi maelfu kuzoea mahali pake atapata wapi muda huo? Siku ukipita Sindo, itazame ile milima ukiwa na swali hilo kichwani.